Kulipwa kwa Kutazama Matangazo Mtandaoni: Namna ya Kupima Kama Mpango ni Halali



Vijana wetu, akina mama wa jumuiya na hata baadhi ya wazee wanazidi kuuliza swali moja. Wamealikwa kujiunga na mpango wa mtandaoni ambao mshiriki hufungua kurasa kadhaa za matangazo kila siku kwa simu yake, huzitazama kwa sekunde chache, kisha huandikiwa malipo. Wanataka kujua kama mpango huo ni wa kweli, na kama Mkristo anaweza kushiriki bila kuivunja Amri ya Saba. Katika makala hii tunakusudia kueleza namna mipango hii inavyofanya kazi, vipimo vya kuitambua iliyo ya hila, mafundisho ya Kanisa yanayohusika, na mambo anayopaswa kufanya yule aliyekwisha kuingia.

Tangu mwanzo tuseme kwamba watu wengi huanza na kipimo kisichofaa. Huuliza, "Je, wanalipa?" Swali linalopaswa kutangulia ni hili: "Fedha wanazolipa ni za nani?" Mpango wa hila unaweza kulipa vizuri kwa wiki au miezi kadhaa. Ukijua chanzo cha fedha umejua karibu kila kitu, kwa upande wa mfuko wako na kwa upande wa dhamiri yako pia.

Namna mbili za mipango

Ipo namna ya kwanza, ambayo haimtozi mshiriki chochote. Kampuni yenye biashara ya matangazo humgawia mtazamaji sehemu ndogo ya mapato yake. Mfano ni programu ya kuvinjari iitwayo Brave, ambayo tangu mwaka 2019 imekuwa ikiwapa watumiaji wanaokubali kuona matangazo malipo madogo kwa sarafu ya kidijitali. Malipo ya namna hii ni haba. Hayalipi kodi ya nyumba wala ada ya shule, na kampuni zenyewe hazimwahidi mtu utajiri. Mtu mzima anayeshiriki kwa kujua hilo, bila kupuuza wajibu wake, hatendi kosa.

Ipo namna ya pili, na ndiyo inayoenea katika makundi yetu ya WhatsApp. Hapa mshiriki hutoa kiingilio kwanza, au hununua daraja: daraja la chini kwa fedha kidogo, daraja la juu kwa fedha nyingi. Malipo yake ya kila siku hutegemea daraja alilonunua. Kazi ya kutazama haiongezeki sana, bali kiasi alichotoa ndicho kinachokuza malipo. Tena hupewa zawadi kwa kila mtu anayemleta. Hapo yafaa tujiulize: ni mwajiri gani anayemtoza kibarua fedha kabla ya kumpa jembe, kisha akampa ujira kwa kadiri ya fedha alizotoa na si kwa kadiri ya mistari aliyolima?

Hesabu ya tangazo

Tuketi tupige hesabu, kama Bwana wetu anavyotushauri katika mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara (Lk 14:28-30).

Bei ya matangazo mtandaoni kwa kawaida hupangwa kwa kila maonyesho elfu moja. Bei hiyo hutofautiana, lakini mara nyingi ni dola chache tu, na pengine haifiki hata dola moja. Tuchukue dola 2 kwa maonyesho elfu moja, na dola moja iwe shilingi 2,500. Maonyesho elfu moja yatakuwa na thamani ya shilingi 5,000, yaani shilingi 5 kwa kila tazamo. Mtu akitazama matangazo kumi kwa siku, mtangazaji ametoa shilingi 50, na hata hizo lazima zigawanywe na mwenye tovuti.

Sasa tuchukue mpango unaotoza kiingilio cha shilingi 100,000 na kuahidi shilingi 4,000 kwa siku kwa matangazo kumi. Hiyo ni shilingi 400 kwa kila tazamo, au shilingi 400,000 kwa maonyesho elfu moja, mara themanini ya bei tuliyoichukua. Mtangazaji gani atalipa hivyo? Tena mtangazaji hutafuta macho ya mtu anayeweza kununua bidhaa. Macho ya mtu anayesubiri sekunde zipite ili aandikiwe fedha yake hayana thamani kubwa kwake. Kwa hiyo fedha hizo hazitoki kwa mtangazaji. Zinatoka wapi basi?

Tuseme watu mia moja wamejiunga. Mfuko una shilingi 10,000,000, na kila siku unalipa shilingi 400,000. Hata kama mwenye mpango hachukui senti moja, mfuko utakauka baada ya siku 25. Wakiingia wengine mia moja, mfuko unapata tena shilingi 10,000,000, lakini wanaodai sasa ni mia mbili, na fedha hizo zinatosha siku 12 na nusu. Wakiingia mia nyingine, zinatosha siku 8 na kidogo. Wakiingia mia nyingine tena, siku 6 na robo. Watu hawatakosa mwisho kuingia kwa kasi inayotakiwa, kwa maana kijiji kina mwisho, mji una mwisho, na ukoo wa kila mtu una mwisho. Siku kasi hiyo inapopungua, mpango unaanguka, na wengi watakaoumia ni wale waliokuwa wa mwisho kuamini.

Wazee wetu walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Fedha yoyote unayoiona ikielea katika simu yako imeundwa na jasho la mtu fulani. Katika mpango wa namna hii, jasho hilo ni la jirani aliyeingia baada yako.

Historia inatuonyesha nini

Mwaka 1999 huko California, Marekani, ilianzishwa kampuni iliyoitwa AllAdvantage. Iliweka ukanda wa matangazo kwenye skrini ya kompyuta ya mshiriki na kumlipa takriban nusu dola kwa kila saa ya kuvinjari, pamoja na malipo kwa ajili ya watu aliowaleta. Haikutoza kiingilio, fedha zake zilitoka kwa wawekezaji wakubwa na kwa watangazaji. Hata hivyo mapato ya matangazo hayakuweza kubeba ahadi hiyo, na mwaka 2001 kampuni ikafunga shughuli. Yafaa kulitafakari jambo hili. Ikiwa kampuni yenye mtaji mkubwa, katika nchi tajiri, ilishindwa kulipa nusu dola kwa saa nzima, tusiharakishe kumwamini mtu asiyejulikana anayeahidi zaidi ya hiyo kwa dakika tano.

Miaka michache baadaye, huko huko Marekani, ulitokea mpango ulioitwa 12DailyPro. Mshiriki alitakiwa kununua vipande vya dola 6 kila kimoja na kutazama kurasa 12 kwa siku; naye aliahidiwa asilimia 12 ya fedha yake kila siku kwa siku 12, yaani dola 100 zirudi dola 144. Mwezi Februari 2006 Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani iliupeleka mahakamani. Tume ilieleza kwamba zaidi ya watu 300,000 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 50, na kwamba angalau asilimia 95 ya fedha zilizotumika kuwalipa washiriki zilitoka katika michango ya washiriki wenyewe. Kurasa za matangazo zilikuwa pazia tu.

Hapa kwetu Tanzania tunaikumbuka DECI, ambayo Serikali iliisimamisha mwaka 2009. Haikuwa ya matangazo ya mtandaoni, lakini mzizi wake ulikuwa ule ule. Watu walihimizwa "kupanda mbegu" ya fedha na kusubiri "kuvuna", lugha iliyochukuliwa katika mahubiri. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Na mwaka 2025 Jeshi la Polisi liliwakamata watu waliotuhumiwa kuendesha mpango ambao washiriki walilipa kiingilio ili walipwe kwa kutazama matangazo mtandaoni. Majina hubadilika na vifaa hubadilika. Hesabu inabaki ile ile.

"Lakini mimi nimelipwa"

Huu ndio ushuhuda unaowaingiza wengi, na mara nyingi anayeutoa hasemi uongo. Amelipwa kweli. Mwenye mpango anahitaji mashahidi wa namna hiyo, kama mvuvi anavyohitaji chambo. Malipo ya kwanza hutolewa upesi, tena kwa fedha ndogo, ili aliyelipwa aongeze mtaji na awaite ndugu zake. Kwa hiyo kulipwa kwa wachache hakuthibitishi kwamba mpango ni halali.

Tutofautishe pia salio na fedha. Tarakimu zinazoonekana katika programu ni maandishi ya mwenye programu. Zinakuwa fedha pale tu unapozitoa na kuzishika. Wengi wameona salio likikua hadi mamilioni, na walipotaka kutoa wakaambiwa walipe kwanza "kodi", "ada ya uhakiki" au "gharama ya kufungua akaunti". Kodi halali hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili upewe haki yako. Ukiona sharti hilo, jua kwamba wanakuchuma mara ya mwisho.

Upatu wa nyumbani si upatu huu

Wako wanaouliza: je, si sawa na mchezo wetu wa upatu, au na VICOBA? Hapana. Katika upatu wa nyumbani, watu kumi wanaofahamiana hutoa shilingi 20,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea 200,000. Hakuna anayepata zaidi ya alichotoa; wote hupeana zamu tu, na kijumbe anajulikana anapoishi. Katika VICOBA na SACCOS faida hutoka katika riba ya mikopo waliyochukua wanachama, na vitabu husomwa mbele ya wote. Lakini katika mpango wa piramidi, ambao sheria zetu nao huuita upatu, wa kwanza huahidiwa zaidi ya alichotoa, na ziada hiyo haina chanzo kingine isipokuwa hasara ya wa mwisho. Sheria ya nchi, kupitia Kanuni ya Adhabu, inautambua mpango wa namna hiyo kuwa kosa la jinai.

Vipimo saba vya kutumia kabla ya kutoa fedha

1. *Kiingilio.* Unatakiwa kulipa ili upate kazi, au kununua daraja ili ulipwe zaidi? Hiki ni kipimo cha kwanza na kikubwa kuliko vyote.

2. *Chanzo cha mapato.* Mwambie anayekualika akuonyeshe nani analipa, analipia nini na kwa bei gani. Akikujibu kwa picha za magari na nyumba, hajakujibu.

3. *Kuleta watu.* Ikiwa anayeleta watu wengi hulipwa kuliko anayefanya kazi nyingi, basi bidhaa inayouzwa ni watu wenyewe.

4. *Ahadi ya faida ya hakika.* Biashara halali ina msimu mzuri na msimu mbaya. Asiyejua hasara kamwe hafanyi biashara.

5. *Leseni.* Cheti cha BRELA huonyesha kwamba jina au kampuni imesajiliwa. Hakimruhusu mtu kupokea amana wala kukusanya mitaji ya umma. Kwa amana, leseni hutoka Benki Kuu ya Tanzania. Kwa uwekezaji, hutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Waulize wao, usimuulize anayekualika.

6. *Siri zako.* Usitoe namba ya siri ya simu-benki, wala usipakue programu iliyotumwa kwa kiungo nje ya duka rasmi la programu. Usikubali laini yako itumike kupokea na kupitisha fedha za watu usiowajua, hata kwa kamisheni nono. Fedha ya wizi ikipita kwenye jina lako, wewe ndiwe utakayeulizwa.

7. *Haraka.* "Nafasi zinakwisha leo usiku." Anayekunyima muda wa kufikiri anaogopa fikra zako.

Mpango ukishindwa kipimo cha kwanza, cha pili au cha tatu, hapana haja ya kuendelea na vingine.

Mafundisho ya Kanisa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inafundisha kwamba kuchukua au kushikilia mali ya mwingine isivyo haki ni kinyume cha Amri ya Saba, hata pale ambapo sheria ya serikali haijavunjwa. Na inataja udanganyifu katika biashara miongoni mwa makosa hayo. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Bado haujafungiwa." Serikali inaweza kuchelewa kuutambua mpango, dhamiri yenye elimu haipaswi kusubiri polisi.

Kanisa halipingi mtu kutafuta riziki kwa njia mpya. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ni wito wa binadamu na hadhi yake, kwa kuwa anayeifanya ni mtu. Yako matunda ya kazi mtandaoni yaliyo halali kabisa: kuna wanaotafsiri, wanaofundisha, wanaouza mazao, wanaobuni programu. Tofauti ni kwamba wao huacha kitu chenye manufaa mikononi mwa anayelipa. Anayebofya kurasa asizozisoma, kwa ajili ya fedha ya mtu asiyemfahamu, haachi kitu.

Tunajua pia kwamba wengi hawaingizwi na tamaa. Kijana aliyemaliza chuo na kukaa miaka mitatu bila ajira, au mama anayetafuta karo, hawezi kuhukumiwa kama mlafi. Wenye mipango hii huitafuta shida hiyo na kuilenga. Ndiyo maana dhambi yao ni nzito: wanamnyang'anya mhitaji kile kidogo alichoweka akiba, na kumfanya awe mkono wa kumnyang'anya mhitaji mwenzake.

Hapa ndipo penye hatari ya roho. Anayepoteza fedha zake mwenyewe amepata hasara. Anayeendelea kuwaalika wengine baada ya kujua, ili arudishe zake kabla mpango haujaanguka, ameshiriki wizi. Hawezi kujitetea kwamba na yeye alidanganywa, maana sasa anajua.

Aliyekwisha kuingia afanye nini

Kwanza, aache kutoa fedha nyingine, hata akiahidiwa kwamba kiasi kidogo tu kitafungua salio lake.

Pili, aache mara moja kualika, na awaambie wazi wale aliowaalika kwamba mpango si salama. Hili ni gumu kwa sababu lina aibu, lakini kila siku ya kunyamaza yaweza kumgharimu mtu mwingine akiba yake.

Tatu, atunze ushahidi: ujumbe, namba za simu, risiti za miamala. Atoe taarifa polisi na kwa mtandao wake wa simu. Ujumbe wa utapeli unaweza pia kutumwa kwa namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ajihadhari na watakaomfuata wakidai wanaweza kumrudishia fedha kwa malipo kidogo. Mara nyingi ni watapeli wale wale, au ndugu zao.

Nne, aliyepata faida aangalie wajibu wa kurudisha. Katekisimu, namba 2412, inafundisha kwamba haki inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe, na kwamba wajibu huo unawagusa pia walioshiriki kwa namna fulani au walionufaika huku wakijua. Nayo inamtaja Zakayo kwa mfano wake. Zakayo hakusubiri kulazimishwa. Yesu alipoingia nyumbani mwake, yeye mwenyewe aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu (Lk 19:1-10). Aliyepokea kwa nia njema bila kujua hana hatia sawa na aliyejua. Lakini akishajua, asiyahesabu mapato hayo kuwa baraka. Ikiwa aliowaleta wamepoteza, na yeye bado anayo ziada, aanze na hao. Kwa kuwa kila hali ina mambo yake, amwone padre katika Sakramenti ya Kitubio, aeleze bila kuficha, na apokee mwongozo unaomfaa. Asiye na uwezo wa kurudisha yote kwa mara moja aweza kurudisha kidogo kidogo.

Wajibu wa jumuiya na viongozi

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zimejengwa juu ya kuaminiana, na kuaminiana huko ndiko anakokutafuta mtapeli. Akimpata mwenyekiti wa jumuiya, katekista au kiongozi wa WAWATA, amewapata wote wanaomheshimu. Kwa hiyo tunawasihi viongozi wasitumie mikutano ya sala, matangazo ya Misa wala makundi ya WhatsApp ya parokia kutangaza mpango wowote wa fedha bila idhini ya Baba Paroko na halmashauri ya walei. Picha ya padre au nembo ya jimbo ikionekana katika tangazo la namna hiyo, waamini wasiichukue kuwa uthibitisho. Waulize ofisi ya parokia.

Jumuiya zisiishie kuonya tu. Anayeingia kwenye mpango wa hila mara nyingi ni mtu aliyekosa mahali pa kukopa au wa kumwambia shida yake. Jumuiya yenye mfuko wa kusaidiana, yenye VICOBA vinavyosimamiwa kwa uwazi, na inayomtembelea jirani kabla shida haijamzidi, imemzibia mtapeli mlango. Na aliyekwisha kupoteza asichekwe. Aibu huwafanya watu wanyamaze, na ukimya wao ndio unaomruhusu mtapeli ahamie jumuiya ya pili.

Basi mtu akikujia na habari ya fedha rahisi, muulize kwa upole swali lile la kwanza: ni za nani? Asipoweza kukujibu, wewe na yeye mnayo sababu ya kutosha ya kuacha.